Kukodi kwadi kisiwani Bugala: je, uzoefu wa pikipiki unatosha?

Swali: "Salaam, mwalimu. Ninaishi Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, na nimeendesha pikipiki tangu 2011 bila ajali ya maana. Mwezi wa Disemba nataka kumpeleka mke wangu na binti yetu wa miaka 10 kisiwani Bugala, katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria, kwa siku tatu. Mwenye nyumba ya wageni karibu na gati la Lutoboka ameniambia kwa simu kwamba anakodisha kwadi, zile mashine za magurudumu manne zinazopandwa kama pikipiki, na kwamba tunaweza kuchukua moja sisi watatu, kwa kuwa kiti chake ni kirefu, tukazunguka kisiwa siku nzima bila mwongozaji. Anasema kwadi ni rahisi kuliko pikipiki kwa sababu haianguki, na kwamba haihitaji leseni. Anataka nimwachie kitambulisho cha taifa na nitie sahihi karatasi inayosema uharibifu wowote ni juu yangu. Mke wangu hana amani na mpango huu, nami sioni tatizo. Nani kati yetu anaona sawa?"

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kupanda meli. Nikikuelewa vyema, unataka kujua kama miaka yako ya pikipiki inatosha kukukabidhi mashine ya magurudumu manne, kama watu watatu wanaweza kukaa juu yake, na kama masharti ya mwenye mashine ni ya haki. Nitakujibu waziwazi: mke wako anaona sawa kuhusu idadi ya abiria na kuhusu karatasi, nawe unaona sawa kwamba safari yenyewe inawezekana na inafaa kufanywa. Nimefundisha watu kuendesha kwadi kwa miaka mingi upande wa Jinja, na wanafunzi walionipa kazi kubwa kuliko wote walikuwa waendesha pikipiki hodari, kwa sababu mwili wao ulikuwa umeshajifunza mambo ambayo kwadi huyakataa.

Tuanze na lile neno kwamba kwadi haianguki. Ni kweli kwamba ikisimama haihitaji mguu wako kuizuia, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pikipiki huinama kuelekea upande wa kona, na uzito wako na wa chombo hushuka pamoja kwenye matairi. Kwadi haiinami. Inapokata kona kwa kasi, nguvu ya mzunguko huusukuma uzito wote kwenda nje ya kona, na kwa kuwa mashine ni nyembamba huku kiti, injini na mwili wako vikiwa juu, magurudumu ya ndani huanza kunyanyuka. Dereva asipohamisha mwili wake kuelekea ndani ya kona, mashine hupinduka. Tofauti na pikipiki, ambayo mara nyingi hukutupa kando na kuteleza peke yake, kwadi huweza kuviringika pamoja nawe na kukaa juu yako. Kwadi ya kazi ya mtu mzima huweza kufikia kilo 300. Katika vifo vingi vya kwadi vinavyochunguzwa, mtu amebanwa kifua chini ya mashine akashindwa kupumua, hata pale ambapo hakuvunjika mfupa wowote. Australia ililiona jambo hili kuwa zito kiasi kwamba tangu Oktoba 2021 kwadi mpya za kazi zinazouzwa huko ni lazima ziwe na kinga maalumu nyuma ya dereva, ili mashine ikipinduka ibaki nafasi ya mwili. Kwadi nyingi za kukodisha kwetu hazina kinga hiyo.

Jambo la pili limejificha chini ya kiti. Gari lina difu, ambayo huruhusu gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani wakati wa kukata kona. Kwenye kwadi nyingi magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, hivyo ni lazima yazunguke kwa mwendo mmoja. Kwenye matope au mchanga gurudumu moja huteleza kidogo na kona hukatika bila shida, lakini kwenye ardhi ngumu au lami tairi hung'ang'ania, na mashine inataka kwenda mbele wakati wewe umeshageuza usukani. Ndiyo maana mwanafunzi wa siku ya kwanza hulalamika kwamba usukani ni mzito, kisha anaongeza mafuta kwa hofu na kujikuta mtaroni. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kona, kuegemea ndani na mbele, kuweka uzito kwenye kikanyagio cha mguu wa nje ili gurudumu la nyuma la ndani lipate kuteleza kidogo, kisha kuongeza mafuta taratibu. Kuyasema haya huchukua dakika moja, lakini mwili huhitaji saa kadhaa kuyazoea.

Sasa nikueleze kwa nini pikipiki inaweza kukuponza. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mtu mzima mwenye uzoefu mrefu wa bodaboda, aliyefika kwenye kona ya udongo laini na, kama alivyozoea miaka yote, akashusha mguu wa kushoto chini ili ajiegemeze. Kwenye pikipiki mguu ule ungemsaidia. Kwenye kwadi, gurudumu la nyuma liko nje kabisa, moja kwa moja nyuma ya kisigino chako. Liliukamata mguu wake, likaupanda hadi kwenye shavu la mguu na kumvuta kutoka kwenye kiti. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na bado alikaa wiki nyingi bila kukanyaga sawasawa. Tangu siku ile, somo langu la kwanza kwa kila mwendesha pikipiki ni kukaa juu ya mashine iliyozimwa, akakanyaga vikanyagio, na kujirudia kwa sauti kwamba mguu haushuki mpaka mashine imesimama.

Mafuta nayo huongezwa kwa kidole gumba badala ya kuzungusha mshikio. Ukirushwa na tuta na ukaukaza mkono ili usianguke, gumba hubonyeza na mashine huruka mbele wakati ule ule unaotaka isimame. Mkono wako wa pikipiki hauijui hatari hii.

Kuhusu watu watatu, jibu langu ni hapana, wala sipendi kulilainisha. Kiti cha kwadi ni kirefu ili dereva apate nafasi ya kusogea mbele anapopanda mlima, nyuma anaposhuka, na pembeni kwenye kona. Ukimweka mtu nyuma yako umeondoa usukani wa pili wa mashine, ambao ni mwili wako, na papo hapo umesogeza uzito nyuma, kiasi kwamba kwenye mlima magurudumu ya mbele huwa mepesi na mashine inaweza kukupindukia kinyumenyume. Zipo kwadi zilizotengenezwa kwa watu wawili, zenye urefu zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kiti cha abiria chenye mgongo na mishikio yake. Tazama kibandiko cha mtengenezaji karibu na kiti au kwenye bawa la gurudumu: kitakuonyesha kwa picha kama abiria anaruhusiwa. Kwa watu watatu sijawahi kuona kibandiko kinachokubali.

Binti yako, ndugu yangu, asiendeshe mashine ya mtu mzima hata kwa dakika tano za picha. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani huonya kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe kwadi ya mtu mzima, na sababu zake ni za wazi: mtoto hana uzito wa kuibembeleza mashine, mkono wake haufiki breki vizuri, na hana bado uamuzi wa haraka unaotakiwa. Kumweka mbele yako, kati ya mikono yako, ni kibaya zaidi, kwa sababu akishtuka hushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni usukani.

Nikitoka kwenye mashine naja kwenye kisiwa. Meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, kwa kawaida huondoka saa nane mchana na huchukua karibu saa tatu na nusu hadi Lutoboka. Kurudi huondoka asubuhi saa mbili. Maana yake utafika jioni, na huku kwetu kwenye mstari wa ikweta jua huzama karibu saa moja mwaka mzima na giza hushuka upesi. Siku ya kufika usipande mashine yoyote, hata kama mwenye nyumba amekuja nayo gatini kwa ukarimu wake. Asubuhi ya kuondoka pia huna nafasi. Kwa hiyo siku zako tatu ni siku moja kamili ya kuendesha, na hilo litakusaidia kuamua kama inafaa kulipia zaidi ya hapo.

Barabara kuu ya kisiwa inayotoka Luku, ikapita Kalangala hadi Mulabana, ina urefu wa karibu kilomita 66. Usiitumie kwa kwadi. Hupitwa na malori, magari ya abiria na bodaboda, na matairi ya kwadi, yanayojazwa upepo wa pauni 3 hadi 7 tu wakati gari dogo hujazwa 30 au zaidi, hayakuundwa kwa mwendo wa barabara iliyoshindiliwa. Hudunda na kuyumba. Marram, yaani ule udongo mwekundu wenye changarawe, ikikauka, kokoto zake ndogo za duara huviringika chini ya tairi kama mtama uliomwagwa sakafuni. Ikinyesha, udongo ule mwekundu hugeuka sabuni. Disemba iko kwenye mkia wa mvua za vuli, na visiwa vya Ssese hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi kwa sababu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo usipange safari yako ukitegemea vumbi.

Utavutiwa na njia za ndani ya mashamba ya michikichi yaliyopandwa Bugala tangu miaka ya 2000. Nakuelewa, kivuli chake ni kizuri na njia zake ni pana. Lakini ingia na ukae dakika kumi katikati ya shamba, utaona kinachompoteza mgeni: shina baada ya shina katika mistari iliyonyooka, makutano yanayofanana kabisa, jua limefichwa na makuti, na kila njia unayoitazama ni pacha wa ile uliyotoka. Trekta na malori ya kubeba mikungu ya chikichi hutokea kwenye makutano hayo bila onyo, kwani madereva wake hawatarajii mtalii. Zaidi ya hayo, mashamba ni mali ya watu, baadhi yakiwa ya kampuni na mengine ya wakulima wadogo, na kuingia kunahitaji ruhusa. Misitu ya hifadhi nayo ina wasimamizi wake. Na ufuo, ambao kila mtu hutaka kupigia picha ya kwadi ikirusha maji, unalindwa: kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa mita 200 wa hifadhi kandokando ya maziwa makubwa, Victoria likiwemo. Matairi ya kwadi huvunja mizizi inayoshika ule mchanga, na wavuvi huanika dagaa palepale unapotaka kukimbilia. Ukifika kwenye mwalo, zima injini, shuka, salimia, utembee kwa miguu.

Kuhusu leseni, mwenye nyumba amekosea kwa sehemu, na kosa hilo likitokea jambo utalibeba wewe. Ndani ya uwanja wake mwenyewe hakuna atakayekuuliza. Lakini chombo chenye injini kikiingia kwenye barabara ya umma kinatakiwa kuwa kimesajiliwa, kina bima ya lazima ya kulinda wahusika wengine, na dereva wake ana leseni inayofaa. Mwombe akuonyeshe namba ya usajili na stika ya bima ikiwa ndani ya tarehe. Kama havipo, jua kwamba mashine hiyo ni ya uwanjani na njia binafsi tu. Fahamu pia kwamba bima hiyo ya lazima humlinda yule utakayemgonga. Haitengenezi kwadi, wala haikulipii wewe hospitali.

Karatasi yake haina ubaya kuwepo, ubaya ni jinsi ilivyoandikwa. "Uharibifu wowote" ni pamoja na mkanda wa gia uliokuwa umeshakwisha kabla hujafika na breki iliyokuwa imelegea tangu mwezi uliopita. Mwombe aandike kwamba unawajibika kwa uharibifu unaotokana na uzembe wako, ataje kiwango cha juu unachoweza kudaiwa, na aeleze nani anakuja kukuchukua mashine ikikufia njiani. Kisha izunguke mashine ukiipiga video kwa simu, yeye akiwapo, ukitaja kwa sauti kila mkwaruzo. Kitambulisho cha taifa usimwachie. Mpe nakala, na kama anataka dhamana mpe fedha kiasi kwa risiti. Mwenye biashara anayejiamini hatakataa maneno haya, na anayekasirika kwa kuombwa amekusaidia kuamua.

Kabla ya kulipa, iguse mashine kwa mikono yako. Bonyeza gumba la mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, uliachie: lirudi lenyewe kwa haraka, usukani ukiwa umenyooka na ukiwa umegeuzwa pande zote mbili. Likirudi kwa kusitasita, waya wake una kutu au umejikunja, na siku moja litabaki wazi ukielekea kwenye mti. Shika kila gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, bearingi imekwisha. Pima upepo wa matairi kwa kipimo cha pauni ndogo, kwa sababu kipimo cha gari hakiwezi kutofautisha 4 na 7, na tairi moja likizidi lenzake la upande wa pili mashine itavuta upande. Jaribu breki za mbele na za nyuma kila moja peke yake. Mwulize ilipo swichi nyekundu ya kuzima injini na uizime mara tatu bila kuangalia. Kofia ngumu ikukae barabara na mkanda wake ufunge. Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu na suruali ndefu. Ndara waachie wa ufukweni.

Sasa tupime njia zilizopo mbele yako. Ningekuwa mimi, ningechukua kwadi moja ya mtu mmoja kwa nusu siku, mwongozaji akitangulia na ya pili, saa ya kwanza ikiwa ya mazoezi kwenye uwanja tambarare. Mke wako akitaka naye, apewe zamu yake baadaye na mafunzo yake mwenyewe, mtoto akiwa na mzazi mwingine nyumbani. Mwongozaji ataongeza gharama, najua, lakini anajua mwenye shamba lipi anaruhusu, daraja lipi la magogo limeoza, na lori hupita saa ngapi. Baada ya nusu siku hiyo, kama yeye mwenyewe ataridhika na kona zako, mchana unaweza kurudia njia ileile peke yako, ukiwa umeacha ramani ya njia na saa ya kurudi kwa mtu ambaye atakutafuta usipoonekana. Usitegemee simu, mtandao hupotea mabondeni.

Na kama hamu yako ni kukiona kisiwa na familia nzima kuliko kuendesha mashine, basi kwadi si chombo chake. Pita njia ya Masaka na gari lako au la kukodi hadi Bukakata, panda kivuko cha bure hadi Luku, na watatu mtazunguka mkiwa mmefunga mikanda, mvua ikinyesha hamlowi. Haina msisimko ule, nakubali, lakini utaona sehemu kubwa zaidi ya kisiwa kwa siku moja, na binti yako ataiona pamoja nawe.

Usipande kwadi kabisa kama mmoja wenu ana mimba, ana tatizo la mgongo, au anatumia dawa zinazoleta usingizi, kabla ya kumwona daktari hapo Kampala. Ukianguka huko, hata ukijiona mzima, nenda kituo cha afya cha Kalangala siku hiyohiyo kama mashine ilikulalia kifuani au tumboni, kama ulipoteza fahamu hata kidogo, kama unatapika, kichwa kinazidi kuuma, au mkojo una damu. Jeraha la ndani huchelewa kujionyesha, na hospitali kubwa ya rufaa ya Masaka iko ng'ambo ya maji, kwa hiyo siku ya kwanza ulizia kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi. Namba za dharura ni 999 na 112.

Mwisho ni jambo linalosahaulika. Mkirudi na matope hadi magotini, msiende kunawa ziwani. Maji ya ufuo wa Victoria yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila maumivu. Nawa kwa maji ya tangi. Kama tayari mmeshaingia, pimeni kinyesi wiki sita hadi nane baada ya kurudi Bweyogerere, maana kupima mapema zaidi huweza kutoonyesha kitu, na dawa yake, prazikwanteli, daktari atawapa kulingana na uzito wa kila mmoja.